Kufungua ukurasa wa biashara ni kazi ya dakika kumi, lakini Masereka wajiulize kwanza nani atashika ufunguo

Masoko ya Butembo yanaijua Masereka kwa viazi, kabichi, karoti, vitunguu na puaro. Mama muuzaji akimwambia mteja kwamba viazi vyake vimetoka Masereka, hana haja ya kueleza mengi. Wakulima wa milima hiyo ya teritware ya Lubero wamejenga jina hilo kwa miaka mingi, bila tangazo la redio wala kibao cha barabarani.

Siku hizi biashara ya Butembo na Beni inapita pia kwenye simu. Nguo, vipuri vya pikipiki, viwanja, hata mifugo, vyote vinaonyeshwa kwenye Facebook na katika vikundi vya WhatsApp. Kwa mkulima wa Masereka, ao kwa kikundi cha wamama wanaouza mboga pamoja, kufungua ukurasa wa biashara ni jambo linalowezekana. Ni bure, na kijana mwenye simu ya Android anaweza kulimaliza kwa dakika kumi. Ugumu unakuja baadaye, na mara nyingi unatokana na maswali ambayo hakuna aliyeyauliza katika dakika hizo kumi: ukurasa umefunguliwa kwa akaunti ya nani, una jina gani, nani anapokea simu, na nani anajua mzigo unatoka siku gani.

Barabara zimepungua, mboga hazingoji

Butembo ni mji wa biashara. Bidhaa zinaingia kutoka Uganda kupitia mpaka wa Kasindi, na wafanyabiashara wake wakubwa wamezoea tangu zamani kusafiri hadi Dubai na Guangzhou. Lakini mazao ya shamba yanategemea barabara za karibu, na barabara hizo zimeteseka. Kanyabayonga, kusini mwa Lubero, iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025, na viongozi wa jimbo wakahamishia kazi zao Beni. Upande wa kaskazini, barabara zinazotoka Beni kuelekea Ituri zimeshambuliwa na ADF kwa miaka, na tangu 2024 waasi hao wameua raia hata ndani ya Lubero. Juu ya hayo yote kuna mvua, inayogeuza njia za milimani kuwa matope.

Katika hali hiyo, mkulima anayefika Butembo na magunia yake bila kujua nani atanunua anakuwa mnyonge. Viazi vinaweza kungoja siku kadhaa mahali penye giza na hewa. Kabichi na puaro haziwezi. Komisyonere anajua hilo, na anajua bei ya asubuhi kabla ya mwenye mzigo. Mkulima akilala mjini usiku wa pili, analipa chakula, mahali pa kulala na mlinzi wa magunia. Kesho yake atakubali bei yoyote.

Hapo ndipo ukurasa unaweza kusaidia. Mkulima hahitaji wafuasi maelfu. Anahitaji wateja kumi ao ishirini wa kudumu: mwenye restora, mama mwenye meza sokoni, mwenye depo, shule yenye bweni. Hao wakiagiza kabla viazi havijatoka ardhini, gari linateremka mjini likiwa na mzigo ambao tayari una mwenyewe.

Jambo hilo limekwisha kufanyika mahali pengine katika Afrika ya Mashariki. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Joseph Macharia alianzisha Mkulima Young, jukwaa la vijana wakulima lililokua kupitia Facebook. Vijana walianza kwa kuulizana maswali ya kilimo, kisha wakaanza kuuziana mazao, mbegu na mifugo, na mwishowe kukawa na soko kamili kwenye intaneti. Kuaminiana kulitangulia, mauzo yakafuata.

Akaunti ya mtu na ukurasa wa biashara si kitu kimoja

Watu wengi wanaanza kuuza kwenye akaunti yao wenyewe, palepale wanapoweka picha za arusi na za ubatizo. Inafaa kwa siku za kwanza, lakini ina mipaka. Akaunti ya mtu kwenye Facebook haipiti marafiki 5.000. Tena, matangazo ya viazi yanapotea kati ya habari za familia, na mwenye akaunti akisafiri ao akifariki, biashara inafungwa pamoja naye.

Ukurasa wa biashara hauna mpaka wa wafuasi. Unaonyesha aina ya biashara, mahali, saa za kazi na namba ya simu, na unaweza kuwekewa kitufe kinachompeleka mteja moja kwa moja kwenye WhatsApp. Watu zaidi ya mmoja wanaweza kuusimamia. Ili kuufungua, mtu anaingia katika akaunti yake ya Facebook, anafungua menyu, anachagua « Pages », kisha anafuata hatua: jina, aina ya biashara, maelezo mafupi, picha. Mwenye simu ndogo ao mega kidogo anaweza kutumia Facebook Lite, programu nyepesi iliyotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya mahali penye mtandao dhaifu.

Pamoja na ukurasa, wengi watahitaji WhatsApp Business, iliyoanza Januari 2018 na ambayo pia ni ya bure. Ndani yake muuzaji anaweza kupanga orodha ya mazao yake pamoja na picha na bei, na kuandika jibu linalojituma lenyewe wakati simu haiko mkononi. Namba moja haiwezi kutumika kwa wakati mmoja kwenye WhatsApp ya kawaida na kwenye WhatsApp Business. Ndiyo maana ni vema kikundi kinunue SIM ya biashara, iandikishwe kwa jina la mtu anayejulikana na wote, na isiachwe bila kutumika. Namba iliyoachwa muda mrefu inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na pamoja nayo ujumbe wa siri wa kufungulia akaunti.

Ufunguo wa duka

Kosa linaloumiza zaidi linafanyika siku ya kwanza. Kikundi hakina mtu anayejua mambo ya intaneti, basi kinamwita kijana wa mjini ao mwenye siberi. Kijana anafungua ukurasa kwa akaunti yake, analipwa, anakwenda. Miezi sita baadaye ukurasa una wateja, na kijana anabaki kuwa mwenye ukurasa mbele ya Facebook. Wakigombana, anaweza kubadilisha namba ya simu, kuwaondoa wengine wote, ao kuuza ukurasa. Wakulima watakuwa wamejenga duka kwenye kiwanja cha mtu.

Njia ya kujikinga ni rahisi. Ukurasa ufunguliwe kwa akaunti ya mmoja wa wenye biashara, yeye mwenyewe akiwepo. Kijana asaidie, alipwe kwa kazi yake, na akihitajika kuendelea apewe ruhusa ya kuandika matangazo na kujibu ujumbe tu. Uwezo kamili wa kusimamia ukurasa ubaki kwa watu wawili ao watatu ambao kikundi kimewachagua mbele ya wote, kama kinavyomchagua mwenye kutunza sanduku. Mtu mmoja hatoshi: simu yake ikiibiwa, duka limefungwa. Kumi ni wengi mno, maana mwenye uwezo kamili anaweza kuwaondoa wengine.

Kila mmoja wa hao awe na neno la siri lake, tofauti na tarehe ya kuzaliwa, na aweke ulinzi wa hatua mbili, ule unaodai namba ya pili kila mara simu mpya inapojaribu kuingia. Na ujumbe unaosema « ukurasa wako utafutwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa » usibonyezwe. Huo ni mtego wa zamani wa wezi wa kurasa, hata kama umebeba alama ya Facebook.

Jina lisilopotea kati ya majina

Katika nchi ya Wayira, mtoto anapata jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Ndiyo maana kila mtaa wa Butembo una akina Paluku, Kambale, Kasereka, Masika na Kavira wasiohesabika. Kwenye kibao cha duka, « Ets Kambale » inatosha, kwa sababu mteja anajua mlango. Kwenye Facebook, jina hilo litamletea mteja orodha ndefu, na huenda akaangukia kwa mwingine.

Jina la ukurasa liseme vitu viwili: nini kinauzwa na kinatoka wapi. Mfano: « Viazi na Mboga za Masereka », kisha jina la kikundi. Liwe fupi, lisomeke kwa Kiswahili, na lisibadilishwe kila mwezi. Maelezo yanaweza kuongezewa Kifaransa kwa ajili ya shule, mashirika na maofisi, na Kiyira kwa ajili ya wenyeji. Lakini namba ya simu na mahali pa kuchukulia mzigo viandikwe kwa namna moja kila mahali. Mteja anayeona namba mbili tofauti anafikiri mara mbili kabla ya kupiga.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua jina mapema. Kila ukurasa wa Facebook una sehemu ya uwazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Inaonyesha tarehe ukurasa ulipoanzishwa na majina uliyowahi kubeba. Mnunuzi mwenye akili anaangalia hapo. Akikuta kwamba ukurasa wa viazi uliitwa jina jingine mwezi uliopita na uliuza simu, atakimbia, na atakuwa na haki.

Tangazo linalojibu kabla ya kuulizwa

Matangazo mengi ya mtandaoni yanamaliza kwa maneno « bei njoo inbox ». Kwa mnunuzi wa Beni aliyebakiwa na mega kidogo, hiyo ni sababu ya kupita. Tangazo zuri la mazao ni fupi na linasema yote:

« Viazi vya Masereka, vimetolewa shambani wiki hii. Magunia 12, ya kilo 100. Bei imeandikwa kwenye picha, ni ya mpaka Ijumaa. Kuchukulia: Butembo, komuni ya Kimemi. Unaona mzigo kwanza, unalipa kisha. »

Picha ipigwe asubuhi, kwenye mwanga wa nje, viazi vikiwa karibu na kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake: mkono, kikombe, mizani. Gunia moja lifunguliwe na vya chini vionyeshwe, kwa maana kila mnunuzi wa Butembo anajua hila ya kupanga vikubwa juu. Baada ya picha, viazi virudishwe kivulini. Vikikaa kwenye jua vinageuka kijani na kuwa vichungu, na viazi vya kijani vina sumu. Picha ya kukopa kwenye intaneti, yenye viazi vinavyong'aa vya Ulaya, inafanya kazi mara moja tu. Mteja akifika na kuona tofauti, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Uzani nao useme kweli. Gunia linaloitwa la kilo 100 liwe na kilo 100. Sokoni, mnunuzi anayedanganywa analalamika mbele ya watu watano. Kwenye ukurasa, maneno yake yanabaki chini ya picha, na wanaokuja baadaye watayasoma.

Nani anajibu?

Masereka mtandao unaweza kukosekana, na moto wa simu unatoka kwenye sola ao kwa mwenye kuchaji kwa malipo. Mwenye kulima anashinda shambani. Mteja wa mjini, yeye, akituma ujumbe saa mbili asubuhi anataka jibu kabla ya saa nne. Asipolipata, ananunua kwa mwingine.

Kwa hiyo kikundi kigawane kazi. Aliye shambani anapiga picha na kuhesabu magunia. Ndugu ao binti anayeishi Butembo, ambako mtandao ni bora, anajibu wateja na kupokea mzigo. Malipo yake yapangwe tangu mwanzo: kiasi fulani kwa kila gunia lililouzwa. Undugu peke yake haujibu simu miezi mingi.

Namna ya kujibu inauza kuliko picha. Mteja anaandika: « Jambo Mama, hivi viazi bado viko? » Jibu la « ndiyo » peke yake halitoshi. Jibu linalosaidia ni: « Jambo Papa, asante. Vimebaki magunia saba. Vinafika Butembo kesho asubuhi. Nikuwekee ngapi? » Na kama vimekwisha, aambiwe vimekwisha na lini vingine vitatoka. Tangazo la mzigo uliouzwa lifutwe ao liandikwe « vimekwisha » siku ileile.

Pesa na wezi

M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimerahisisha malipo, lakini zimefungua pia njia kwa wezi. Hila inayojulikana zaidi ni ujumbe wa uongo: muuzaji anapokea SMS inayofanana na ya malipo, anatoa mzigo, kisha anakuta hakuna kilichoingia. Dawa ni kuangalia salio lenyewe kabla ya kutoa hata gunia moja, bila kutegemea maneno ya SMS. Hila ya pili ni simu ya mtu anayesema ametuma pesa kwa makosa na anaomba zirudishwe haraka. Ya tatu ni anayejifanya mfanyakazi wa kampani ya simu na kuomba namba ya siri. Namba ya siri haiombwi na mtu yeyote wa kweli.

Mnunuzi pia ana hofu yake, na hofu hiyo ina haki. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Masereka ikiwa mojawapo ya kanda za afya zilizoguswa, watu wa Butembo na Beni waliona namna uongo unavyopita haraka kwenye simu. Tangu hapo wengi hawaamini kila wanachosoma. Muuzaji mpya asidai pesa zote mbele. Aanze na wateja wanaoweza kufika kuona mzigo, wakilipa wakati wa kupokea. Mteja wa mbali, wa Beni ao wa Bunia, anaweza kutanguliza sehemu ndogo baada ya kununua mara mbili tatu bila shida.

Mambo yasiyowekwa kwenye ukurasa

Katika eneo lenye vita, tangazo linasomwa na wateja na pia na wenye silaha. Muuzaji anaweza kusema mzigo unapatikana wapi mjini na lini. Asiandike gari litatoka Masereka saa ngapi, litapita njia gani, wala namba yake. Asionyeshe pesa za mauzo, depo ikiwa imejaa, ao nyumba ya mwenye kutunza sanduku. Picha za askari, za vizuizi vya barabarani na za Wazalendo zisiingie kwenye ukurasa wa mboga hata kwa bahati mbaya. Habari za vita na za siasa ziachwe nje kabisa. Ukurasa wa biashara ukianza kugawanya wateja kwa makabila ao vyama, umekufa.

Sheria nayo ipo. Tangu tarehe 13 Machi 2023 Kongo ina Kanuni ya mambo ya kidijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni na kuadhibu udanganyifu na kueneza habari za uongo. Wakulima wengi wanaogopa kwamba ukurasa utawaita watoza kodi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ukurasa hauleti kodi mpya kwa viazi vilevile vilivyokuwa vinauzwa sokoni. Mfanyabiashara mdogo anapaswa kuwa na patanti, na kikundi kinachokua kinaweza kujiandikisha kwenye rejista ya biashara, RCCM. Mwenye karatasi zake ana la kujibu akiulizwa, tena shule na mashirika yanapendelea kununua kwa mwenye kutoa risiti.

Daftari lisitupwe

Ukurasa ni wa Facebook kabla ya kuwa wa mwenye biashara, na intaneti yenyewe inaweza kukatika. Wakongomani wanakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchini kote karibu majuma matatu. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa saa nyingi bila vita wala uchaguzi. Siku kama hizo, muuzaji aliyeweka wateja wake wote ndani ya simu anabaki bila mteja.

Kwa hiyo kila anayenunua aandikwe kwenye daftari la karatasi: jina, namba ya simu, mtaa, alichonunua, siku gani, na alilipa vipi. Daftari hilo litaonyesha pia nani ananunua kila wiki, mwezi gani bei inashuka, na kama ukurasa unaleta faida kuliko mega zinazotumika. Likiwa na majina ishirini yanayorudi, kikundi kinaweza kuwapigia wateja hao kwa simu ya kawaida kabla ya kupanda, na kuwauliza watahitaji magunia mangapi.